Kalipa Nyekundu na Chai ya Benaco

Swali ni lile lile, anayebadilika ni muulizaji. "Fundi, nikifunga Brembo kwenye Impreza yangu, itasimama ndani ya mita ngapi?" Wiki hii nimeulizwa mara tatu. Wa mwisho alikuwa kijana ambaye tayari alikuwa amezifunga, kalipa nyekundu za pistoni nne, na bado gari lilitaka kumtoa roho njiani. Naandika ili wa nne aje na swali jingine.

Nazungumzia Subaru Impreza za GC8, WRX na STI za miaka ya 1990. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiwa na Impreza, Richard Burns akashinda na Impreza mwaka 2000, na ugonjwa huo Afrika Mashariki hatujapona. Ile 22B, ambayo zilitengenezwa 400 kwa soko la Japani mwaka 1998, sijaigusa kwa mkono wangu. Lakini siku hizi hata WRX ya kawaida, ikiwa bado ina vipuri vyake vya kiwandani, inawindwa na wenye fedha.

Kijana wangu alitoka Mwanza kwenda harusini Ngara. Baada ya Lusahunga akakuta msururu wa malori yanayoelekea Rusumo. Pale Biharamulo inapopakana na Ngara, akawa anafanya kile vijana wenye turbo wanachofanya: anapita lori, anakanyaga breki, anangoja nafasi, anapita jingine. Breki zilishika vizuri mpaka Benaco. Akaegesha, akanywa chai, kama robo saa hivi. Anaondoka tu, pedeli ikazama mpaka kwenye kapeti. Bahati yake alikuwa hajatoka maegeshoni. Alisimama kwa handibreki na rundo la mchanga wa mtu.

"Sasa fundi," akaniuliza, "kuna kubwa zaidi ya hizi?"

Gari linasimamishwa na tairi. Breki kazi yake ni kuzuia gurudumu lisizunguke. Kuzuia gari lisiende ni kazi ya vipande vinne vya mpira vinavyogusa lami, kila kimoja kama kiganja cha mtu mzima. Ukitaka kuhakikisha, tafuta mahali wazi, pakavu, pasipo watu, fika kasi ya 60, kanyaga kwa nguvu zako zote. Tairi zikijifunga na kuburuza, au ABS ikaanza kukugonga mguuni, jibu umelipata: breki ulizonazo zimeshazidi uwezo wa tairi zako. Ukiongeza nguvu juu ya hapo, unaburuza tu kwa gharama kubwa zaidi.

Kwa wanaopenda hesabu, hii hapa. Kwenye lami kavu yenye mshiko wa 0.8, gari lililo kwenye kilomita 100 kwa saa husimama baada ya mita kama 49. Lami ikilowa, mshiko ukashuka hadi 0.4, ni mita 98. Ukichelewa sekunde moja kushtuka, umekula mita 28 kabla mguu haujafika kwenye pedeli. Kanuni inayotoa namba hizo ina kasi, mvutano wa dunia na mshiko wa tairi. Kipenyo cha diski hakimo, idadi ya pistoni haimo, na rangi nyekundu nimeitafuta sana sijaiona.

Nikamwuliza tairi zake ni za mwaka gani. Hakujua. Tukachuchumaa, tukafuta vumbi pembeni mwa tairi, tukasoma tarakimu nne za mwisho: 2314. Wiki ya 23 ya mwaka 2014. Nikabonyeza mpira kwa ukucha, ukucha ukateleza kama juu ya kigae. Mtu amemwaga pesa ya tairi seti mbili kwenye kalipa, na anatembelea plastiki.

Hapo huwa najibiwa kwamba mbona magari ya mashindano yana breki kubwa. Ndiyo, kwa sababu ya joto. Gari la kilo 1,300 likisimama kutoka kilomita 100 kwa saa, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji yaliyokuwa kwenye nyuzi 20. Hiyo ni breki moja. Kwenye mteremko, kila mita 200 unazoshuka kwenda chini, ukiziachia breki kazi karibu yote, ni sawa na kusimama hivyo mara tano. Sasa hesabu mwenyewe, na uongeze malori. Diski kubwa ni sufuria kubwa: inachelewa kupata moto, basi. Breki ya kwanza ya asubuhi, diski kubwa na ndogo zitakusimamisha mahali pamoja.

Na zinaweza kukusimamisha mbali zaidi. Kiwanda kiligawa nguvu kati ya mbele na nyuma kwa vipimo. Ukifunga kalipa zenye pistoni kubwa mbele peke yake, mbele kunajifunga mapema wakati nyuma bado kunazembea, na tairi mbili zinafanya kazi ya nne. Tena masta silinda ile ile ya zamani sasa inalazimika kusukuma mafuta mengi zaidi, kwa hiyo pedeli inakuwa ndefu. Halafu diski za Brembo za mm 326, zile za STI za miaka ya 2000, zinadai rimu za inchi 17. GC8 ilizaliwa na za 15 na 16. Rimu kubwa, tairi nyembamba, na barabara zetu za changarawe: nimeshanyoosha rimu za kutosha.

Sasa ile chai ya Benaco. Gari likitembea, upepo unapoza diski. Likisimama likiwa limewaka, upepo hakuna. Joto la diski linahamia kwenye kalipa, la kalipa linaingia kwenye mafuta ya breki, nayo yanachemka wewe ukiongeza sukari. Mvuke unabanwa, mafuta hayabanwi, ndiyo maana pedeli inazama. Mafuta ya DOT 4 mapya huanza kuchemka si chini ya nyuzi 230, lakini hufyonza unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na yakishalowa kiwango chake ni 155 tu. Nilipofungua kopo la mafuta ya kijana, rangi ilikuwa ya kahawa ya Bukoba iliyolala jikoni. Aliyemfungia kalipa alitoa upepo kwa kuongeza mafuta kidogo juu ya yale ya zamani, akachukua pesa yake.

Tofautisha dalili, maana dawa ni mbalimbali. Pedeli ikizama, mafuta yamechemka. Pedeli ikiwa ngumu kama jiwe na gari haliitikii, pedi zimeungua.

Kwa hiyo fanya hivi, na kwa mpangilio huu. Tairi nzuri kwanza. Mafuta mapya ya DOT 4 au 5.1, toa yote ya zamani magurudumu yote manne, rudia kila miaka miwili; DOT 5 ni silikoni, usiichanganye na chochote. Pedi bora za barabarani, achana na za mashindano zisizoshika mpaka zipate moto. Diski mpya za saizi ile ile ya kiwandani. Za matundu ziache, hupasuka kuanzia kwenye matundu hayo. Mipira ya breki ikiwa ya zamani, badilisha. Mteremko unaushuka na gia, tena unaipunguza kabla hujaanza kushuka, na ukishaziwasha breki tembea taratibu kilomita chache zipoe ndipo uegeshe. Ukiwa kweli unakimbia mashindano, funga kubwa, mbele na nyuma, na masta silinda ya kulingana nazo, kwa fundi atakayekuonyesha hesabu kabla ya spana.

Na za kiwandani zisafishe, zipake grisi, ziweke kwenye boksi. Mnunuzi wa GC8 anayejua gari atazitaka kabla hajauliza injini. Za kijana yule nilitaka nizirudishe siku ile ile. Alikuwa amezipima kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.