Darubini Ilale Tayari Kabla Mwezi Haujaandama



Jioni ya mwezi 29 Shaaban haina subira. Jua likishazama, mwezi mwandamo hubakiwa na muda mfupi tu, mara nyingi chini ya saa moja, nao ni mwembamba kama uzi. Huku kwetu mwambao jua huchwea upande wa bara, nyuma ya minazi na majumba. Kwa hivyo anayetaka kuutazama hupanda juu ya paa.

Zipo nyumba ambazo leo zina darubini yenye kitako kinachoendeshwa na tarakilishi. Ukikiamrisha kitafute Mwezi, mota zake huizungusha darubini zenyewe hadi mahali ulipo. Lakini chombo hiki hakizijui mbingu mpaka kioneshwe nyota, na hapo ndipo penye mtihani. Magharibi inapoadhiniwa nyota hazijatokeza. Zinapotokeza, mwezi huwa umekaribia kutua au umekwisha kutua. Dawa yake ni kukitengeneza chombo jioni ya mwezi 28, kisha kukilaza kikingoje kesho.

Jioni ya mwezi 28

Chagua mahali pagumu pasipotikisika, panapoona magharibi wazi. Simamisha miguu mitatu ya kitako na uilinganishe kwa pimamaji. Kisha piga alama ya chaki kila mguu unapokanyaga.

Tarakilishi itakuuliza mahali, tarehe na saa. Hapa pana mitego mitatu. Wa kwanza ni mahali: Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini ya Ikweta na nyuzi 39 na dakika 40 mashariki. Ukiandika kaskazini badala ya kusini, umekosea kwa nyuzi 8. Wa pili ni tarehe: vyombo vingi vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani hutanguliza mwezi kabla ya siku. Tena, kwetu sisi siku mpya huingia Magharibi, lakini tarakilishi hubadilisha tarehe saa sita ya usiku.

Mtego wa tatu ni saa, nao ndio unaotunasa zaidi. Saa yetu huhesabiwa tangu kucha. Ya chombo huhesabiwa tangu usiku wa manane. Saa kumi na mbili na dakika 40 za jioni ni 18:40 kwa chombo. Ukiandika 12:40, kitadhani ni adhuhuri. Kwa kuwa mbingu huzunguka nyuzi 15 kila saa, kosa la saa 6 ni nyuzi 90: darubini itaelekea pengine kabisa. Majira ya Kenya yako saa 3 mbele ya saa ya Greenwich, na hatuna saa ya kiangazi, ukiulizwa, ikatae.

Usiku ukiingia, chagua nyota mbili zing'aazo zilizo mbalimbali. Miaka hii Shaaban inapomalizika mwezi wa Februari, Shi'ra, ambayo chombo huiita Sirius, huwa juu upande wa mashariki, na Ayuki, yaani Capella, huwa kaskazini. Suheli, iliyowaongoza mabaharia wa zamani, huwa kusini kwa jina la Canopus. Kwa kila nyota, darubini itakwenda karibu yake. Wewe iweke katikati ya lenzi kwa vitufe, kisha uthibitishe. Mkono usiisukume. Halafu ijaribu kwa nyota ya tatu. Ikitua juu yake, kazi imetimia.

Kuilaza

Sasa usizime swichi. Ukizima ghafula, chombo husahau yote kiliyofundishwa. Tafuta kwanza amri ya kuegesha, ambayo kwenye kioo huandikwa Park au Hibernate. Tarakilishi itaandika katika kumbukumbu yake pembe za mihimili yote miwili. Ikikujulisha kwamba imemaliza, ndipo ukate umeme. Umeme wa nyumba ukipotea kabla ya amri hiyo, kazi ya usiku mzima imepotea nao. Kwa sababu hii ni bora kutumia betri iliyojaa.

Tangu hapo hadi kesho, chombo kisiguswe. Kifunike kwa turubai kukikinga na umande na chumvi ya bahari, na uwaambie watoto kwa upole sababu yake. Mguu ukisogezwa, au darubini ikigeuzwa kwa mkono, pembe zilizohifadhiwa hazina maana tena.

Jioni ya mwezi 29

Kiamshe chombo, kipe tarehe na saa sahihi ikiwa hakina saa yake, nacho kitahesabu dunia imezunguka kiasi gani tangu jana. Lakini kifuniko cha lenzi ya mbele kisiondolewe, wala amri ya kutafuta Mwezi isitolewe, mpaka jua lote limezama. Mwezi mwandamo huwa jirani na jua, na darubini inaweza kupita juu yake. Jua likionekana kupitia darubini, hata kwa kitambo kidogo, huunguza jicho na kulipofua. Mtu mzima mmoja awe mlinzi wa kifuniko, asiwe na kazi nyingine.

Tumia lenzi ya ukuzaji mdogo, na uchague mwendo wa kuufuata Mwezi, kwa kuwa kila saa hubaki nyuma ya nyota kwa kadiri ya upana wake wenyewe. Kisha utazame darubini imeelekea wapi, na ulitafute pale pale kwa macho matupu. Darubini hapa ni kidole kinachoonesha. Kuhusu hukumu ya kuandama kwa kuonekana kwa chombo, ulamaa wamezungumza mengi. Anayeuona na apeleke habari kwa imamu wake, na tangazo tuwaachie Kadhi Mkuu na wanavyuoni.

Hata wingu likiuziba, juhudi haikupotea. Watoto waliolala wakijua Shi'ra iko wapi na Suheli iko wapi wamepata elimu ambayo mababu zao walivukia bahari.

Mwenyezi Mungu atufikishe Ramadhani tukiwa na afya na imani. Amin.