Beki aliyekataa kucheza rafu ana somo kwa wazazi

Zilikuwa zimebaki dakika nne mpira umalizike. Ilikuwa Juni 11, 1996, mjini Nottingham, Uingereza, na Uturuki ilikuwa ikicheza mechi yake ya kwanza kabisa katika fainali za Mataifa ya Ulaya. Matokeo dhidi ya Croatia yalikuwa 0-0.

Ghafla, Goran Vlaović wa Croatia akachomoka na mpira. Aliyekuwa akimfukuza ni beki Alpay Özalan, kijana wa miaka 23. Angeweza kumvuta jezi au kumpiga ngwala. Angelambwa kadi nyekundu, lakini huenda nchi yake ingepata pointi moja. Hakufanya hivyo. Vlaović akampita kipa Rüştü Reçber na kufunga.

Uturuki ilipoteza mechi zote tatu za kundi lake bila kupata hata bao moja. Özalan akapewa tuzo ya mchezo wa haki.

Mzaliwa huyo wa İzmir alichezea Altay, Beşiktaş na Fenerbahçe, kisha mwaka 2000 akajiunga na Aston Villa ya Uingereza. Mwaka 2002 alikuwa nguzo ya ulinzi Uturuki iliposhika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia.

Lakini Oktoba 11, 2003, jijini Istanbul, dunia ilimwona Özalan mwingine. David Beckham wa Uingereza aliteleza akipiga penalti na kukosa. Özalan akamfuata na kumfokea usoni. Wakati wa mapumziko akamgusa sikio kwa kidole, na ugomvi ukazuka kwenye njia ya kwenda vyumbani. Mwezi huohuo Aston Villa ikaachana naye. Baadaye alicheza Korea Kusini, Japani na Ujerumani, akastaafu, na mwaka 2018 akachaguliwa kuwa mbunge.

Mtu ni yuleyule. Tuzo ya 1996 haikumlinda na hasira ya 2003, na kosa la 2003 halifuti alichofanya Nottingham.

Hapo ndipo penye kazi ya mzazi. Watoto hupenda kugawa watu mafungu mawili, wema na wabaya. Nasi wakubwa huwabandika majina hayohayo: huyu mtulivu, yule mkorofi. Mtoto aliyesifiwa jana akikosea leo, tunashangaa kana kwamba ametusaliti. Mkorofi akitenda jema, hatulioni.

Sifia tendo, kemea tendo, na umwachie mtoto nafasi ya kuchagua upya kesho.

Tena, akirudi kutoka uwanjani jioni, angalia swali lako la kwanza. Likiwa kila siku ni "Mmeshinda?", atajifunza kwamba jezi ya mwenzake inavutika, mradi bao lisiingie. Siku moja muulize, "Mmechezaje?" Kisha msikilize.