Panya Hasemi, Utajuaje Kama Anakumbuka?



Kila aliyewahi kuhifadhi anaijua hali hii: ukisomewa aya unasema "hii naijua", lakini ukiambiwa uisome mwenyewe ulimi unakwama. Kutambua ni jambo moja, kusoma kwa kichwa ni jingine. Mwanafunzi huulizwa na mwalimu akajibu. Je, panya ataulizwaje?

Mwaka 1988 wataalamu wawili huko Ufaransa walieleza njia nyepesi. Panya huwekwa ndani ya sanduku lenye vitu viwili vinavyofanana, tuseme chupa mbili. Hunusanusa dakika chache, kisha hutolewa. Akirudishwa baadaye hukuta chupa moja, na pembeni yake kitu kigeni. Panya hupenda kuchunguza kigeni. Basi akikaa zaidi kwenye kile kipya, chupa ameitambua. Akivinusa sawasawa, hakuna dalili kwamba anakumbuka. Hadi leo panya wadogo wa maabara hupimwa hivyo, hasa katika utafiti wa maradhi ya usahaulifu. Ila vitu lazima vifutwe kwa spiriti kila mara, la sivyo panya atafuata harufu ya mwenzake aliyetangulia!

Hapa Tanzania wako panya wakubwa, panya buku, wanaofundishwa na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu na baruti zaidi ya 100.

Wengine hunusa makohozi ya watu wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Panya akituliza pua juu ya tundu lenye makohozi ya mgonjwa, husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula, ndizi ikiwemo. (Kwetu Kagera angenenepa.) Lakini siku ya mtihani anayemshika haambiwi tundu lipi lina ugonjwa. Akijua, panya anaweza kumsoma yeye badala ya makohozi, kama mtoto anavyotazama midomo ya ustadhi.

Panya mmoja humaliza sampuli 100 kwa dakika kama 20. Hatoi hukumu ya mwisho. Sampuli aliyoionyesha, hata kama zahanati ilisema haina kitu, hupimwa upya maabara. Ikithibitika, mgonjwa aliyekwisha kurudi nyumbani akikohoa kati ya watoto wake hutafutwa aanze dawa.