Kabla Jino Halijakunyima Usingizi

Mpenzi msomaji, nijibu kwa ukweli: mara ya mwisho ulipokaa kwenye kile kiti kirefu cha daktari wa meno ilikuwa lini, na ulikwenda kufanya nini? Naweza kubashiri. Ulikwenda kung'oa. Jino lilikukesha siku tatu, ukatafuna karafuu, ukameza Panadol, mwisho ukasalimu amri. Ndivyo tulivyo wengi wetu, pamoja na shahada zetu na kazi zetu nzuri. Gari tunalipeleka kwa fundi hata kabla halijasumbua, lakini kinywa tunakisubiri mpaka kilie.

Kwa sisi tuliozaliwa Tlawi, kule Mbulu, kuna sababu nyingine ya kumkwepa daktari: rangi. Ukijitambulisha Dar es Salaam kwamba wewe ni mtu wa Mbulu, Hanang au Arusha, mwenzako hata kabla hajakuuliza ukoo anakutazama meno. Wengine hukaa nayo moyoni, wengine husema wazi kabisa: "Kwani kwenu hampigi mswaki?"

Jamani, tunapiga! Madoa yale ya kahawia hayatokani na uchafu. Yanatokana na madini ya floraidi, ambayo kwenye ukanda wa Bonde la Ufa ni mengi kwa sababu ya miamba ya volkano. Maji yanapita kwenye miamba, yanabeba madini, mtoto anakunywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya taya. Yanapokuja kutoka tayari yana doa, na mengine yana vishimo. Ndiyo maana mtu mzima aliyehamia Arusha na miaka yake 25 hapati madoa hayo hata akikaa huko mpaka astaafu, na ndiyo maana hakuna dawa ya mswaki itakayoyaondoa. Na magadi tunayotia kwenye makande ili yaive haraka nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi, kwa hiyo hata penye maji mazuri mtoto anaweza kuipata kutoka jikoni.

Nayasema haya kwanza kwa sababu nimeona jinsi aibu inavyofanya kazi. Binamu yangu (amekubali niandike, ila jina nisitaje) ana kazi ya maana Dar, anavaa akapendeza, lakini hacheki bila kuweka mkono mdomoni. Picha zote za siku aliyomvisha mchumba wake pete amefunga midomo kama mtu aliyenuniwa. Mchumba wake ni binti wa Tanga, na kwa miezi kadhaa alidhani jamaa ana siri. Siku alipoambiwa ukweli, hakujali rangi hata kidogo. Alichotaka ni wote wawili wakapimwe kinywa kizima kabla ya harusi, kama watu wanavyokwenda kupima damu. Nikawasindikiza, kwa udadisi wa kikazi.

Tulichotegemea ni tochi, koleo na harufu ya dawa. Kilichoanza ni maswali. Una kisukari? Presha? Unatumia dawa gani? Kuna dawa inayokudhuru? Unavuta sigara, unaweka ugoro? Umekulia wapi, mlikuwa mkinywa maji ya wapi? Usione mtu anakuchimba ukadhani ni umbea. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu fizi, na fizi mbovu nazo huifanya sukari iwe ngumu kuishusha. Dada zangu, kama una ujauzito au hata unahisi tu, sema hapo hapo. Fizi za mjamzito huvimba na kutoka damu kirahisi, na daktari anahitaji kujua kabla ya kupiga picha.

Halafu anakushika. Vidole chini ya taya na shingoni kutafuta uvimbe, kisha mbele ya masikio kwenye kiungo cha taya huku unafungua na kufunga. Baadaye midomo kwa ndani, mashavu, kaakaa. Ulimi unavutwa kidogo kwa kipande cha pamba na kugeuzwa huku na huku. Binti wa Tanga aliona hilo ni vituko, lakini mimi naona ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote. Anatafuta kidonda ambacho hakijapona kwa wiki 2, bakabaka jeupe au jekundu, utandu usioeleweka. Saratani ya kinywa ikionekana mapema inatibika vizuri zaidi, na mara nyingi haiumi mwanzoni. Nani mwingine atakuangalia chini ya ulimi?

Baada ya hapo ndipo wanafika kwenye meno, moja baada ya jingine, kwa kioo kidogo na kifaa chembamba. Daktari anataja namba, msaidizi anaandika: kumi na sita, ishirini na sita, thelathini na sita. Binamu alinong'ona kwamba ana meno mabovu mengi kiasi hicho, au ndiyo bei zinasomwa! La. Kinywa kinagawanywa robo nne. Tarakimu ya kwanza ni robo, ya pili ni nafasi ya jino ukihesabu kutoka katikati. Namba 36 ni gego la kwanza kubwa, chini kushoto. Ukijua hilo moyo unatulia.

Fizi zina kipimo chake. Ni kijiti cha chuma chenye alama za milimita, kinachoingizwa taratibu kati ya fizi na jino. Milimita 1 hadi 3 bila damu ni salama. Kuanzia 4 kwenda juu, hasa kama na damu inatoka, fizi imeanza kuachana na jino na chini yake pana ugaga, ule ukoga ulioganda ukawa kama jiwe. Hautoki kwa mswaki, unasafishwa kwa vifaa. Kama umezoea kutema damu asubuhi ukajiambia mswaki ni mgumu, hapa ndipo utakapojua.

Mwisho eksirei, pale inapohitajika. Mionzi yake ni kidogo sana, na picha inaonyesha yasiyoonekana kwa jicho: tundu katikati ya meno mawili yaliyobanana, usaha kwenye mzizi, jino la mwisho lililolala ubavu.

Majibu? Meno ya mbele ya binamu, yale yaliyomfanya afiche kicheko miaka yote, yalikuwa na madoa lakini ni mazima na magumu. Tatizo lilikuwa nyuma, ambako hata yeye mwenyewe hajawahi kutazama: fizi zilisoma milimita 5, na eksirei ikaonyesha tundu kati ya magego mawili. Na binti wa Tanga, mwenye meno meupe kama maziwa? Matundu mawili, moja limekaribia kiini. Alinyamaza muda mrefu yule dada.

Kuhusu madoa, yapo matibabu. Mepesi yanaweza kung'arishwa au kukwanguliwa juu juu kitaalamu. Yale mazito yanafunikwa kwa vifaa vyenye rangi ya jino. Lakini kwanza magonjwa, urembo baadaye, na daktari anayeanza na urembo kabla hajapima fizi mimi ningemuaga kistaarabu. Na tafadhali acheni kusugua kwa mkaa, mchanga na ndimu. Mnamaliza jino, doa linabaki.

Kabla hujashuka kwenye kiti, omba mpango wa matibabu ulioandikwa: lipi la haraka, lipi linasubiri, kila moja bei gani, na bima yako inalipa yapi. Ni haki yako. Uliza pia urudi lini. Wengi wanasema miezi 6, lakini mwenye kinywa kizuri anaweza kukaa zaidi, na mwenye kisukari au fizi mbovu pengine miezi 3 tu.

Kwa wale mnaotarajia kuitwa baba na mama, nina neno kutoka nyumbani. Tangu miaka ya 1980 imeenea imani ya "meno ya plastiki": mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, watu wanaona vivimbe vyeupe kwenye fizi na kumpeleka akachimbwe. Vile vivimbe ni meno yake halali ya utotoni yanayojiandaa kutoka. Watoto wamepata maambukizi, wengine wamekufa, na aliyepona anaweza kuja kukosa chonge ukubwani au likatoka bovu, akajua sababu siku daktari anapomhesabu meno. Mama mkwe akishauri hivyo, mwitikie kwa heshima, kisha mpeleke mtoto hospitali akatibiwe homa.

Na maji. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kabla ya kushuka kwenye kiwango hicho hicho. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi haiondoki. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inakolea. Kituo cha Ngurdoto, Arumeru, kimefanyia kazi uchujaji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri karibu hayana floraidi, na maziwa ya mama yana kidogo mno. Kama mnaishi ukanda wetu, ulizeni mamlaka ya maji kisima chenu kinasoma ngapi, na chakula cha mtoto msikitie magadi mpaka avuke miaka 8. Jino lake la kwanza likichomoza, au akitimiza mwaka 1, naye apelekwe akapimwe. Siku hiyo atakaa mapajani kwa mama, na shughuli yote haichukui hata dakika kumi.