Kusitiri Si Kuficha

Wanafunzi, walimu wenzangu, na wazazi mnaosoma gazeti letu hili la muhula,

Wengi wenu mnalijua sanduku la maswali lililotundikwa karibu na mlango wa maktaba. Kila Ijumaa mimi hulifungua, kwa kuwa ndimi nifundishaye Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa shuleni. Maswali mengi huwa ya kawaida: udhu hutenguka kwa mambo gani, je, yafaa kufunga siku ya mtihani, kwa nini mwezi huonekana huku na kule usionekane. Muhula huu nilikuta karatasi iliyokunjwa mara nne, haina jina wala kidato. Ilisema hivi: "Mwalimu, mtu mzima akimfanyia mtoto jambo la aibu, na wazee wakasema tumsitiri kwa kuwa ni Mwislamu mwenzetu, je, mtoto akisema nje amepata dhambi?"

Sikuweza kulijibu swali hili darasani, maana macho ya wenzake yangeanza kumtafuta aliyeandika. Nikamwomba Mhariri nafasi, naye akanipa kurasa hizi. Jibu nalitoa kwanza, ili mwenye swali asichoke kusoma kabla hajalifikia. La, hana dhambi. Sasa nieleze kwa nini, na wazee wangu wanisikilize pia.

Kusitiri ni kufunika. Katika mafundisho yetu ni fadhila kubwa, na Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba amsitiriye Mwislamu mwenziwe, naye Mwenyezi Mungu atamsitiri. Watoto wa madrasa hulijua fundisho hilo kabla hawajajua kusoma sawasawa. Lakini latumika wapi? Tuseme umemwona jirani yako usiku mmoja amelewa, anapepesuka kuelekea kwake, wala hakumdhuru mtu. Asubuhi humtangazi gulioni. Umemsitiri, na huenda akatubu. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Sham wa karne ya 13, alipolieleza jambo hili alitenga watu wa namna mbili: yule aliyeteleza, na yule ajulikanaye kwa madhara na uharibifu. Wa pili, alisema, hafai kusitiriwa; habari zake zipelekwe kwa mwenye mamlaka, maana kumfunika ni kumpa nafasi ya kuwadhuru wengine.

Basi, mtu aliyemwingilia mtoto hakuteleza peke yake njiani. Amemdhulumu mwingine. Na kuhusu aliyedhulumiwa Kurani imesema wazi katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 148, ambayo maana yake ni kwamba Mwenyezi Mungu hapendi mabaya yatangazwe kwa maneno, ila kwa yule aliyedhulumiwa. Yeye ameruhusiwa kusema. Naye aliyeona akaficha ushahidi, Sura ya Al-Baqara, aya ya 283, yahesabu moyo wake kuwa umeingia dhambini. Tazameni jinsi tulivyoligeuza jambo: twamtisha mtoto kwa dhambi ambayo kwa kweli imo shingoni mwetu sisi tuliokaa kimya.

Nasema "sisi" kwa sababu. Nilipokuwa kijana, kabla sijaajiriwa hapa, nilikuwa nikifundisha madrasa jioni katika kijiji ambacho sitakitaja. Mmoja wa watoto wangu, binti wa miaka kama 12, aliacha kuja. Baada ya siku chache niliitwa kikaoni. Walikuwapo baba yake, baba zake wadogo, wazee watatu, na ndugu wa mtu aliyetajwa. Mama hakuwapo, aliambiwa apike. Mtoto mwenyewe hakuulizwa lolote. Wakazungumza juu ya ng'ombe mmoja na fedha kidogo, wakasema Waislamu ni wachache huku kwetu, tukienda polisi majirani watasema ndivyo tulivyo. Hapo wakanigeukia nisome dua ya suluhu, kwa kuwa nilikuwa nimesoma. Nikaisoma. Tukala.

Ng'ombe yule aliuzwa kabla ya mvua za masika. Binti hakurudi madrasa, wala shule. Mimi nilimwona mara moja tu baadaye, kisimani, nikamsalimu, naye akainamisha uso kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Mtu yule alihamia kijiji kingine, ambako pia kuna watoto. Dua ile naikumbuka neno kwa neno.

Neno suluhu ni zuri, na laleta amani mahali pengi: mpaka wa shamba, mbuzi walioingia katika maharage, mke na mume waliogombana juu ya matumizi. Wazee wetu wana busara kubwa katika mambo hayo, nami sitaki mwanafunzi asome hapa akaenda nyumbani kuwadharau. Lakini suluhu ni baina ya pande mbili zilizogombana. Mtoto hakugombana na mtu. Na katika kikao kile walipatana akina baba kwa akina baba, juu ya jambo ambalo halikuwapata wao.

Kuna habari iliyopokewa kutoka kwa Wail bin Hujr, nayo imo katika vitabu vya hadithi vya Abu Dawud na Tirmidhi. Mwanamke mmoja wa Madina alitoka kwenda kuswali, mtu akamkamata njiani akamtenza nguvu. Alipiga kelele, watu wakakusanyika, naye akaelekeza kidole kwa mtu, shauri likafikishwa kwa Mtume. Yakatokea mambo mawili ambayo nataka myaangalie vizuri. Mwanamke hakuulizwa kwa nini alitoka peke yake, wala alivaa nini. Aliambiwa aende zake, hana lawama. Na yule aliyekamatwa kwanza hakuwa ndiye. Mkosaji wa kweli alisimama mwenyewe akakiri. Hilo la pili latufundisha kwamba uchunguzi ni lazima, maana mtu asiye na kosa aweza kukamatwa. Lakini uchunguzi ni kazi ya wenye kuchunguza, si kazi ya baba wadogo watatu na sahani ya wali.

Akina baba wengine huuliza: "Binti alikuwa amevaaje?" Nami huwajibu waisome Sura ya An-Nur. Aya ya 30 yawaamrisha wanaume wainamishe macho yao na kujihifadhi. Amri kwa wanawake yafuata katika aya ya 31. Sisi twaianza sura kutoka katikati.

Mzazi mwingine atasema mambo haya ni ya mijini, au ya watu wasioshika dini. Basi tuvuke bahari hadi Zanzibar, ambako karibu wakazi wote ni Waislamu na madrasa zimejaa kila mtaa. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima, Bara na Visiwani, matokeo yakatolewa mwaka 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa Tanzania, wasichana karibu 3 katika kila 10 walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono wa namna fulani, na wavulana mmoja katika kila 7. Zanzibar hesabu ilikuwa ndogo zaidi, lakini ilikuwa na jambo la kushangaza: wasichana kama 6 katika kila 100, na wavulana 9. Wavulana wengi kuliko wasichana! Sisi humchunga binti, tukamwacha mvulana alale popote na kutumwa kwa yeyote, kwa kuwa hapati mimba. Na mvulana huona haya kusema kuliko hata dada yake. Wenzetu wa Zanzibar hawakukaa na hesabu hiyo mezani. Mwaka 2021 walianzisha mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji, nchi ya Waislamu, wala hakuna aliyesema Uislamu umeaibishwa.

Tuje kwenye sheria, kwa kifupi, maana walimu wa Uraia wataieleza vizuri kuliko mimi. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mwenye kumbaka msichana hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30, na kama mtoto hajafika miaka 10, kifungo cha maisha. Mwenye kumlawiti mtoto, awe wa kiume au wa kike, naye ni kifungo cha maisha. Msichana wa chini ya miaka 18 hawezi kusemwa kwamba aliridhia. Mahakama yaweza kuuamini ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba asema kweli. Kwa hiyo maneno "hakuna aliyeona" hayamalizi kesi. Na kosa la jinai ni kesi ya Jamhuri. Wazee hawana uwezo wa kuifuta kwa ng'ombe. Zaidi ya hayo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa habari kwa serikali ya mtaa wake anapojua haki za mtoto zimevunjwa.

Kulikuwa na mlango mmoja wa ujanja, nao ni ndoa. Sheria ile ya 1998 ilimtoa katika hesabu msichana aliyekwisha olewa, aliyetimiza miaka 15, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe kwa umri huo kwa idhini ya wazazi. Basi ikawa watu husema, "Aliyemharibu na amwoe," wakaona wamefunika aibu. Mwaka 2016 sheria ya elimu ilirekebishwa: kumwoa mwanafunzi, au kumpa mimba, kifungo ni miaka 30. Mwaka huo huo Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vile vya Sheria ya Ndoa vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Wala dini haikuufungua mlango huo. Khansaa binti Khidam aliozwa na baba yake kwa mtu asiyemtaka, akaenda kwa Mtume kushtaki, na ndoa ikavunjwa. Ikiwa binti asiyedhuriwa na mtu alisikilizwa, itakuwaje kumfunga mtoto maisha yake yote kwa yule aliyemdhuru?

Najua hofu nyingine isiyosemwa vikaoni. Mara nyingi mkosaji ndiye aletaye unga nyumbani, au ni mjomba alipaye ada. Mama huhesabu debe za mahindi zilizobaki ghalani ndipo aamue kama amesikia au hakusikia. Simlaumu kwa wepesi. Ndiyo maana naandika kwa majirani pia, na kwa jamaa wa msikitini: zaka na sadaka zetu zingefaa kwanza nyumba kama hiyo, ili mama aweze kusema kweli na watoto wake wale.

Sasa mambo ya kufanya, endapo jambo limetokea. Mtoto apelekwe kituo cha afya au hospitali mara moja, asioge kwanza, na nguo zake zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi bila kufuliwa. Iko dawa ya kuzuia maambukizi ya Ukimwi, lakini ni lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na ya mapema ndiyo bora. Ya kuzuia mimba, ndani ya siku 5. Vikao vyetu vya suluhu huchukua juma zima! Polisi hutoa fomu iitwayo PF3, na vituo vyao vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto; mkiwa mbali, anzeni kwa mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii. Iko pia simu ya watoto, namba 116, haina malipo, na mtoto aweza kuipiga mwenyewe. Na binti aliyekwisha kuzaa asidhani shule imemfungia. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu warudi.

Na kabla halijatokea? Kwetu madrasa tumeanza na mambo madogo. Mlango hubaki wazi wakati wa kusoma. Mtoto hatumwi peke yake nyumbani kwa mwalimu, hata kwa kupeleka maji ya udhu. Adhabu ya faragha hakuna. Mzazi mmoja hukaa barazani kwa zamu, na mwanzoni nilinung'unika, nikaona nashukiwa. Sasa naona ananilinda mimi pia. Wavulana wetu wakubwa nao huwa nazungumza nao peke yao kila mwanzo wa muhula, juu ya maana ya mtu kusema hataki. Wanacheka dakika tano za kwanza, halafu huuliza maswali mazuri.

Aliyeandika karatasi ile: nimeichoma, mwandiko wako hautaonekana na mtu. Siwezi kukuahidi kwamba ukiniambia nitanyamaza, maana nilikwisha kunyamaza mara moja. Nakuahidi kwamba sitachukua hatua yoyote bila wewe kujua kwanza, na kwamba hutakuwa peke yako mahali popote utakapoitwa. Kama ni vigumu kusema na mwanamume, matroni yupo chumba cha karibu na jiko kila siku baada ya saa 9, naye nimekwisha mweleza kwamba huenda akaja mtu. Waweza kuja na rafiki. Sanduku nitalifungua Ijumaa kama kawaida.