Hadithi za picha: Mwenye kalamu awe mwenye mali

Ukitaja katuni mbele ya watu wazima, wengi hudhani unazungumza juu ya mchezo wa watoto. Wengine huona ni kupoteza karatasi na wakati. Lakini hadithi za picha ni fani ya uandishi kama zilivyo riwaya na tamthilia, na katika Afrika Mashariki fani hii imekwisha kuwa na historia yake, mabingwa wake na matatizo yake pia.

Tatizo kubwa si kuchora. Vijana wenye mkono wa kuchora hawajapungua, si Lamu wala Mombasa, si Tanga wala Nairobi. Tatizo ni kwamba mara nyingi anayechora si mwenye kitabu, na mwenye kitabu si anayechora. Leo tutazame njia ya wale walioamua kuandika, kuchora na kutoa kazi zao wenyewe, na yale yanayomngojea kijana anayetaka kuwafuata.

(Kuhusu hukumu ya kuchora viumbe wenye roho, jambo hilo lina wanazuoni wake, nasi hatutaliingilia hapa.)

MTAA WA TASSIA

Tuchukue mfano wa Tassia, mmojawapo wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, upande wa Embakasi, jirani na Fedha na Pipeline. Ni mtaa wa majumba ya ghorofa yaliyosongamana. Juu nguo zimeanikwa, na chini kuna maduka, vinyozi, wauza mboga na vibanda vya M-Pesa.

Mwaka 2014 jina la Tassia lilivuma magazetini na Bungeni kwa sababu ya mradi wa NSSF uliokadiriwa kugharimu zaidi ya shilingi bilioni 5. Habari zile zilijaa majina ya wakubwa na hesabu za fedha. Mpangaji wa ghorofa ya juu, anayepanda ngazi na mtungi wa maji mkononi, hakuonekana. Huyo ndiye mtu wa hadithi za picha. Mtungi, ngazi na jasho la uso, vikichorwa vizuri, humweleza msomaji maisha ya mtaa kuliko ukurasa mzima wa tarakimu.

Jambo la namna hiyo limewahi kufanywa. Mwaka 1994 Terry Hirst, mchoraji Mwingereza aliyeishi Kenya miaka mingi, alitoa kwa chapa ya Mazingira Institute kitabu kiitwacho The Struggle for Nairobi, kinachosimulia kwa picha historia ya jiji hilo na mivutano yake. Kilichobaki ni mtu wa mtaani mwenyewe kushika kalamu.

SI JAMBO GENI KWETU

Msomaji wa pwani asidhani kwamba mtu kujitolea chapa yake mwenyewe ni desturi iliyoletwa juzi. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza kutoa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Hakungoja shirika la wageni limkubalie. Alikuwa na la kusema, akatafuta karatasi na wino, akasema. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na maandishi yake yangali yakisomwa. Bila ya shaka hakuchora katuni, lakini somo ni lile lile: mwenye neno na awe na karatasi yake.

Na hadithi zetu zenyewe zimekwisha kuingia katika picha. Mwaka 1996 kampuni ndogo ya Nairobi iliyoitwa Sasa Sema ilianza kutoa vitabu vya picha kwa Kiswahili. Kimojawapo ni Abunuwasi, kilichochorwa na Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam. Ni Abunuwasi yule yule tuliyemsikia kwa bibi zetu, mwerevu wa kuwashinda wafalme na matajiri. Mtoto aliyekichoka kitabu cha darasani aliweza kujifunza Kiswahili huku akicheka.

Hata hivyo, biashara ya vitabu nchini Kenya huegemea sana vitabu vya shule. Kampuni ndogo haiwezi kusimama muda mrefu kwa kicheko peke yake, na Sasa Sema hatimaye ikaingia mikononi mwa Longhorn, mchapaji mkubwa wa vitabu vya shule.

WALIOJITEGEMEA

Kabla ya hapo, mwaka 1973, Terry Hirst huyo huyo alishirikiana na mwandishi Hilary Ng'weno wakaanzisha jarida la Joe mjini Nairobi. Joe alikuwa mtu wa kawaida wa mjini, anayecheka ili asilie. Jarida hilo liliandikwa kwa Kiingereza, likadumu hadi mwaka 1979, na likawapa wachoraji wengi wa Kenya mahali pa kuonyesha kazi zao.

Ndugu zetu wa Tanzania walikwenda mbali zaidi kwa upande wa lugha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Saidi Bawji na Nico ye Mbajo walianzisha jarida la Sani. Tazama jina lenyewe: SA ya Saidi, NI ya Nico. Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge wakawa watu wanaotajwa vijiweni kana kwamba ni majirani. Na mchoraji mmoja alipoondoka, mwingine alishika kalamu na wahusika wakaendelea. Ni jambo zuri kwa jarida. Kwa mchoraji aliyemzaa mhusika, ni jambo la kufikiriwa.

James Gayo alishika njia nyingine. Alimbuni Kingo, kijibwana mcheshi asiyehitaji maneno mengi, kisha akamtolea jarida lenye jina lake. Kingo alipopendwa, aliyefaidika alikuwa ndiye aliyembuni.

Halafu mwaka 2010 likaja Shujaaz huko Nairobi, likisimulia habari za Boyie, kijana asiye na kazi anayeendesha redio ya siri. Lugha yake ni Sheng, na liligawiwa bure ndani ya gazeti na katika vibanda vya M-Pesa. Mwaka 2012 lilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Shujaaz liligundua kwamba kibanda cha M-Pesa kipo kila mtaa, hali duka la vitabu halipo. Lakini chapa ya bure hulipiwa na mtu, na anayelipa huwa na neno katika yanayosemwa. Kijana anayetaka kusema lake hana budi kuuza.

HESABU YA KARATASI

Je, kijana wa Tassia aanzeje? Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa 4 ndogo. Kwa hiyo kitabu hupangwa kwa nne-nne: kurasa 16, 20 au 24. Kitabu cha kurasa 24 kinataka karatasi 6, pande 12, na pini mbili mgongoni.

Tukadirie kwamba fotokopi ni shilingi 5 kwa upande. Kitabu kimoja kitagharimu shilingi 60. Akiuza kwa shilingi 100 na mwuza magazeti akachukua 25, kinabaki 15. Akichapa nakala 100 zikaisha zote, faida ni shilingi 1,500. Zikirudi 10, faida inashuka hadi 750. Zikirudi 20, amefanya kazi bure, na hapo hatujahesabu siku alizoinama juu ya meza.

Ndiyo maana wahenga wakasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Afadhali kuchapa nakala 50 zikaisha kuliko 300 zikalala chini ya kitanda. Pia ajue ni nani aliyechukua ngapi, na kwa kinyozi gani zimeachwa. Kuutuma kwa simu utolewaji wa kwanza, bure, hakudhuru. Huwafanya watu waulizie wa pili. Lakini akizituma zote, mmoja atanunua na mia watasoma.

HAKI YA MCHORAJI

Mwisho ni jambo ambalo vijana wengi hawaulizi mpaka wakati umepita. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi huwa na ulinzi tangu inapowekwa katika karatasi, na ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtungaji na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kuandikisha kazi kwa Bodi ya Hakimiliki si sharti, ila husaidia pakitokea mzozo.

Lakini sheria hiyo hailindi wazo lililo kichwani. Na kazi iliyofanywa na mwajiriwa, au iliyoagizwa na mtu, haki yake humwendea mwajiri au mwagizaji, isipokuwa kama wamekubaliana vingine. Kwa hiyo kijana akiitwa amchoree mtu mhusika mpya kwa ujira wa siku moja, asome karatasi kabla ya kutia sahihi. Ujira utaliwa jioni ile ile. Mhusika anaweza kuishi miaka 30, akimlisha mwingine.

Pwani yetu haikosi wa kuchorwa. Yuko Fumo Liongo na sindano yake ya shaba, wako manahodha, wako mabaharia, na yuko kuli wa bandarini. Kijana mwenye kalamu asingoje kuitwa. Aanze na karatasi 6 na pini mbili, aandike jina lake juu ya jalada, na chini yake aandike kwamba kitabu hiki ni mali yake.