Tumfundishe Mtoto Kuutambua Mpangilio wa Maandishi



Katika shule za msingi za Tanzania, mtoto wa Darasa la Kwanza na la Pili hutumia sehemu kubwa ya muda wake kujifunza Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Afikapo Darasa la Tatu, kazi hugeuka: sasa anasoma ili apate maarifa. Hapo ndipo wengi hukwama. Mtoto aweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kugugumia, lakini akiulizwa umesema nini, hukumbuka neno moja hapa na sentensi moja pale.

Sababu mojawapo ni kwamba amezoea hadithi. Hadithi ina wahusika, tukio na mwisho, naye ameisikia tangu akiwa mdogo mapajani pa bibi yake. Maandishi yanayoeleza mambo ya kweli kuhusu viumbe, afya au nchi hayana sungura wala fisi wa kumwongoza. Yana mpangilio wa namna nyingine, nao usipofundishwa waziwazi, watoto wengi hawauoni.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Bonnie Meyer, pamoja na wenzake wawili, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa darasa la tisa. Waliofuata mpangilio wa mwandishi walipoeleza walichosoma, walikumbuka mengi kuliko walioyataja mambo bila utaratibu.

Mipangilio mikuu ni mitano, na kila mmoja hujibu swali lake. Tuitazame yote kwa kutumia somo moja, malaria.

Wa kwanza ni maelezo, unaojibu swali, "Kitu hiki kikoje?" Mwandishi anataja sifa za mbu aina ya Anopheles: jike ndiye anyonyaye damu, naye huuma hasa usiku.

Wa pili ni mfuatano: "Mambo yanatokea kwa utaratibu gani?" Mbu huanza kuwa yai, kisha kiluwiluwi, halafu pupa, hatimaye mbu kamili. Maneno kama kwanza, kisha na hatimaye hutoa dalili.

Wa tatu ni ulinganisho: "Vitu hivi vinafanana au kutofautiana vipi?" Anopheles huambukiza malaria na huuma usiku, ilhali Aedes huambukiza homa ya dengue na huuma mchana. Hapa tutakuta ilhali, bali, vilevile, kinyume chake.

Wa nne ni chanzo na matokeo: "Kwa nini jambo hili limetokea?" Mvua imeacha madimbwi, mbu wametaga humo, kwa hiyo wagonjwa wameongezeka. Dalili zake ni kwa sababu, kutokana na, kwa hiyo.

Wa tano ni tatizo na utatuzi: "Tufanyeje?" Mbu wanatuuma usiku, basi tulale ndani ya vyandarua vyenye dawa na kufukia madimbwi.

Hata hivyo, tusimfanye mtoto kuwa mwindaji wa maneno tu. Neno "kisha" laweza kujitokeza katika mpangilio wowote, na waandishi wengine huacha dalili zote. Tena makala ndefu huchanganya mipangilio miwili au mitatu. Dalili humsaidia kukisia. Kinachothibitisha ni swali. Basi baada ya kila aya tumwulize mtoto: "Mwandishi anatujibu swali gani hapa?" Akiweza kulitaja, ameishika aya, mambo madogomadogo yatapata mahali pa kukaa.

Liko zoezi lisilohitaji gharama. Mwalimu aandike sentensi tano au sita za aya moja kwenye vipande vya karatasi, avichanganye, kisha watoto wavipange. Sentensi za mfuatano hukataa kubadilishana nafasi. Za maelezo mara nyingi hukubali. Watoto wakigundua hilo kwa mikono yao, hawalisahau. Baadaye wachore walichosoma: ngazi kwa mfuatano, jedwali la safu mbili kwa ulinganisho, mshale kwa chanzo na matokeo. Mwisho waandike aya yao wenyewe, maana anayejua kujenga nyumba huijua milango yake.

Nyumbani pia kuna vitabu visivyoitwa vitabu: karatasi ya dawa, mfuko wa mbegu, tangazo la zahanati. Tuchukue pakiti ya ORS, anayopewa mgonjwa wa kuhara. Maelekezo yake ni mfuatano: andaa maji safi na salama, pima kiasi kilichoandikwa, ndipo umimine dawa yote na kukoroga. Kisha huja onyo la kumwaga mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24. Maji yakiwa machache kuliko ilivyoelekezwa, chumvi huzidi na kumdhuru mtoto mgonjwa. Anayesoma maneno yote lakini asitambue kwamba kila hatua inaitegemea iliyotangulia, hajasoma salama.

Na katika nyumba nyingi, ndugu zangu, msomaji wa karatasi hiyo ni mtoto wa shule, kwa kuwa bibi haoni vizuri na mama yuko na mgonjwa. Jioni hii basi, mpeni karatasi moja ya namna hiyo, mkae naye, mmwulize inajibu swali gani.